Waya wa Kurudi

Nyekundu mara tatu, kimya, mara tatu tena.
Kalumba kasimama na kandambili zake,
gari limelala kama mgonjwa aliyekataa uji.
"Siku ya nne hii. Chaja ni feki, nakuapia.
Ama ni yule mama wa parseli ya pili
na konjelateri zake za samaki.
Anatuibia kuran."

Simjibu. Nimejifunza kutomjibu mtu
kabla sijaiuliza voltimetri.
Nafungua boksi. Nazima disjonta, nakaza skrubu:
zimekaza. Nanusa: hakuna kilichoungua.
Nawasha. Mbili ishirini na moja,
kuran safi kama ya kitabuni.

Na gari likaanza kunywa!
Kalumba akanitazama kama baba
aliyembeba mtoto usiku hadi hospitali
na homa ikashukia mlangoni.

Ngoja, nikamwambia. Ipunguze iwe ampea kumi, tukae.
Ugonjwa wa umeme una haya,
hautoki mbele ya wageni.

Ilipofika saa moja Bel-Air ikawasha resho,
bukari ikaanza kusongwa nyumba hadi nyumba,
na namba zikanichezea mkononi:
mbili thelathini.
Mbili arobaini na nne.
Mbili sitini na saba,
tak.
Nyekundu mara tatu.

Hapo nikakuna kichwa.
Mwizi wa kuran hushusha, hapandishi.
Tangu lini jirani akachota kisimani
na maji ya kwako yakapanda?

Nikazunguka ukuta. Mama Feza, magamba mikononi,
alikuwa na lake, amelishika siku nyingi:
"Kamwambie tajiri wako. Usiku gari lake likila,
balbu zangu zinawaka kama jua la Oktoba,
halafu pah! Nne zimekufa. Na ya chooni."
Jioni hii, lakini, balbu yake ilikuwa kijinga cha moto,
na resho mbili zilikuwa zinaubembeleza unga.
Nikapima. Mia moja sitini na tatu.

Pembea. Huku chini, kule juu;
usiku kule juu, huku chini.
Watu wawili wamekalia ubao mmoja
wakitukaniana kupitia ukuta.

Asubuhi Mwape wa kabini akakata njia, akaleta ngazi.
Nikapanda. Fasi zilikuwa nzima, zinang'aa,
kila mtu huzijua, kila mtu huzitaka.
Nyutro ndiyo haina mwenyewe:
waya wa kurudi, unaobeba kilichokwisha kutumika,
nani huulizia mzigo unaorudi mtupu?

Pale palipoungwa, mtu wa zamani
alisokota shaba juu ya alumini kwa koleo, akashuka.
Shaba ya hapa hapa, ya mji huu, na alumini ya kuja,
ndoa bila mshenga.
Mvua tatu, nne: unga mweupe, kutu ya kijani,
na uzi mmoja tu uliokuwa bado unashika,
ukishika mchana, ukiachia jioni ukipata moto.
Nilipougusa ulikatika.

Nikasugua mpaka metali ikaonekana.
Nikaweka kibano cha metali mbili,
kila mmoja na upande wake, na grisi katikati.
Nikashuka na kile kipande mfukoni;
kiko mezani sasa, kinachafua karatasi hii.

Mbili ishirini na nne kwa Kalumba.
Mbili ishirini na mbili kwa mama.
Kijani kikawaka, kikatulia.
Samahani sikuisikia. Nilichosikia ni Kalumba
akiuliza balbu tano ni bei gani,
na samaki wawili, wagumu kama mawe,
wakapitishwa juu ya ukuta ndani ya gazeti.

Saa tatu usiku kuran ikaondoka mtaa mzima.
Sifuri huku, sifuri kule,
sijawahi kuona usawa kama ule.
Wakatoka wote wawili na tochi za simu,
wakasimama ukutani, kila mtu upande wake,
wakaanza kulaumu pamoja.